Barua kutoka Epulu: bustani ya nyuma ya nyumba imefika Juni



Wengi wenu mmepita Epulu bila kushuka garini. Mnatoka Bunia, mnafika Mambasa baada ya kilomita 165 hivi, mnalala au mnaendelea, kisha msitu unawafunika mpaka mtu anasinzia. Ghafla linakuja daraja, mto mpana wenye maji ya rangi ya chai, nyumba za udongo kando ya barabara, kibao cha Hifadhi ya Okapi, na dereva anapiga honi kuelekea Nia-Nia. Mnaona migomba na mihogo. Bustani yetu hamuioni, kwa sababu iko nyuma ya nyumba, upande unaoshuka mtoni. Leo tunataka kuwatembeza huko. Vueni viatu, udongo bado umelowa.

Sisi ni wamama sita wa nyumba nne. Tunaandika kwa jina moja kwa sababu bustani ni moja, na kwa sababu tukianza kutaja nani alipanda nini tutagombana tena juu ya nyanya. Mkubwa wetu ni koko mmoja ambaye hatujui ana miaka mingapi, na yeye hataki tujue. Mdogo wetu ana watoto watatu na simu yenye tochi, kwa hiyo yeye ndiye anayeshika kalamu jioni hii, sisi wengine tunachambua maharagi na kumkatiza.

Watu wa Ulaya wakifika Juni husema majira ya joto yameanza. Hapa tuko karibu mno na ikweta kwa mambo hayo. Sisi tunahesabu kwa mvua. Desemba, Januari na Februari jua linatawala na njia zinakauka. Machi mvua inarudi. Aprili na Mei inapiga kama mtu mwenye hasira. Juni inapunguza kidogo, bila kukoma, kabla ya kurudi kwa nguvu kuanzia Agosti mpaka Novemba. Kwa mtu wa bustani nafuu hiyo ya Juni ni kubwa: majani yanakauka kabla ya giza, magonjwa yanapungua, na ndipo unapoona kama kazi ya Machi ilikuwa kazi au mchezo.

Epulu ni kijiji kidogo chenye habari nyingi. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi yake hapa kando ya mto, na mke wake, Anne Eisner, mchoraji, aliishi nasi miaka ya 1940 na 1950 akichora watu na msitu. Mwaka 1952 kikaanzishwa kituo cha kukamata okapi. Mwaka 1992 Hifadhi ya Okapi ikatangazwa, zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na Epulu ikawa makao yake makuu. Mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia, na mwaka uliofuata tu ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wageni wengi wameandika juu ya okapi na juu ya Wambuti. Sisi hatujakutana na ukurasa hata mmoja unaosema nani alikuwa akipika jioni katika kambi zile, na mboga alizipata wapi.

Watu wakiona msitu mnene wanadhani udongo wake ni mnono. Si hivyo. Unono uko juu juu, katika majani yanayooza, na mwingine uko ndani ya miti yenyewe. Ukikata na kuchoma, majivu yanakupa mavuno mazuri mara moja, labda mara mbili, halafu mvua inaosha kila kitu na shamba linachoka. Ndiyo maana wazee walikuwa wanahama na kufungua shamba jipya. Lakini sisi tuko ndani ya hifadhi, na kilimo kina maeneo yake yaliyopimwa; huwezi kusukuma panga msituni kila mwaka. Mama asiye na shamba karibu anatembea mbali, na siku hizi kutembea mbali peke yako ni jambo la kufikiria mara mbili. Barabara nayo mnaijua. Usalama ukiharibika upande wa Komanda au Mambasa, magari yanasimama, na kabichi na vitunguu kutoka nyanda za juu havifiki, au vinafika kwa bei ambayo mtu akiisikia anafunga tena pindo la kitenge.

Kilichotusukuma hasa ni utepe. Mnaujua, ule wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto: kijani ikiwa mkono umezidi sentimita 12.5, njano kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu chini ya hapo. Februari, mtoto wa mmoja wetu, wa mwaka mmoja na nusu, alisimama kwenye njano. Mama yake alirudi nyumbani bila neno akaketi chini ya mwembe. Alikuwa anamlisha, kila mtu anajua. Alimlisha bugali wa mihogo na mchuzi wa chumvi asubuhi na jioni, na mtoto alikuwa anashiba na kulala. Muuguzi alimwambia tumbo la mtoto limejaa lakini mwili wake una njaa, atafute maharagi, karanga, samaki, mafuta na majani ya kijani. Tulikaa naye pale chini ya mwembe, tukaanza kuhesabu kwa vidole: sombe tunayo, mawese tunayo, karanga kidogo. Lengalenga? Tunanunua. Nyanya? Tunanunua. Vitunguu? Tunanunua, barabara ikiwa nzima. Tukaona aibu, wamama sita wenye mikono miwili kila mmoja, tunanunua lengalenga.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na parsele iliyolala, hatua 20 kwa 15, imejaa majani, makopo na nyoka mmoja ambaye hatukumwona ila tulimsikia. Mwenyewe ni baba mmoja anayeishi upande wa pili wa barabara. Tulimwendea na kuku. Akasema: limeni tu, imelala miaka. Maneno hayo yaliishia hapo, bila karatasi, bila tarehe. Tutarudi kwake baadaye.

Hatukuchoma. Koko alikataa. Alisema moto unakupa leo na kukunyima kesho, na kwamba takataka za jikoni tunazotupa mtoni ndizo mbolea yetu. Tulifyeka, tukaacha majani yakauke juu ya udongo, tukachimba shimo moja kubwa la mboji: maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, mavi ya kuku, majivu ya mekoni, majani ya miti. Tukainua matuta mpaka yakafika magotini, kwa sababu mvua ya Aprili haina heshima kwa bustani iliyo tambarare. Inaibeba na kuipeleka mtoni. Kati ya matuta tulichimba njia za maji. Kazi hiyo peke yake ilichukua majuma matatu, na waume zetu walipita, wakatazama, wakasema ni kazi nzuri, wakaendelea na safari zao. Mmoja alirudi na jembe. Tunamshukuru.

Lengalenga ndiyo iliyotupa moyo. Ukiimwaga Machi kwenye tuta laini, ukaifunika kwa udongo mwembamba sana, baada ya siku chache tuta linaonekana kama limepakwa rangi. Baada ya majuma manne hivi unakata. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuing'oa yote kwa mizizi, kwa furaha. Sasa tunakata kwa kisu, tunaacha kisiki cha vidole vitatu, na inachipua tena. Tena tunapanda kila baada ya majuma mawili, tuta dogo dogo, ili tusiwe na mlima wa mboga leo na kitu cha kununua kesho. Hapo Juni inapoanza tuko kwenye tuta la sita. Ngaingai imesimama upande wa jua, mashina mekundu. Matembele yametambaa kila mahali, hatukuyaalika ila hatuyafukuzi. Dongodongo imefika kiunoni na imetoa maua yale ya njano yenye jicho jeusi. Wadudu wadogo weusi waliivamia Mei, tukawanyunyizia maji ya pilipili, kitunguu saumu na sabuni kidogo, jioni, jua limelala, siku tatu mfululizo. Walipungua. Hatusemi waliisha.

Kabichi tulijaribu. Wenzetu wa Bunia, ninyi mko juu, mita zaidi ya 1,200, usiku wenu una baridi. Sisi tuko kwenye mita 750 hivi, na joto la msitu halilali. Kabichi zetu zilitoa majani mapana kama mwavuli na zikakataa kufunga kichwa. Tulikula majani. Yalikuwa magumu. Hatutarudia.

Sasa nyanya, na hapa tunaomba tusiulizwe majina. Tulikuwa na miche 40 kwenye pepinyeri, chini ya kivuli cha mitende, mizuri ajabu. Kikundi kimoja kilisema tuipande kwa nafasi ya hatua moja, kikundi kingine kikasema hiyo ni kupoteza ardhi. Kikundi cha pili kilishinda kwa sauti. Mei mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika, majani ya chini yaliguswa na matope, yakaota madoa ya kahawia yenye ukungu mweupe chini yake, na ndani ya juma moja miche 26 ilikuwa imeoza imesimama. Tuliiondoa tukaichoma mbali, hatukuitia shimoni, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kurudi na mboji. Mama mmoja alilia. Mwingine alisema, niliwaambia. Hiyo haikusaidia.

Iliyobaki 14 tuliihudumia kama wagonjwa. Kila mche una kijiti chake, majani ya chini yamekatwa, chini tumetandika majani makavu ili matone yasirushe udongo, na juu tumejenga kibanda kidogo cha miti kilichoezekwa kwa majani ya mangungu. Jana tulihesabu nyanya za kijani 61, na tatu zimeanza kuwa nyekundu. Mbegu za msimu ujao tutazitoa kwenye zile ndogo za kienyeji ambazo zilijiotea zenyewe kando ya shimo la mboji na hazikuugua hata kidogo. Tutazikamua na maji yake kwenye kikombe, tuache siku mbili au tatu mpaka utelezi utoke, tuzioshe, tuzikaushe kivulini. Mbegu za pakiti tulizonunua safari hii zilikuwa za mbali, na labda mvua yetu hazikuwahi kuiota.

Majani ya mangungu yaliletwa na jirani yetu, mama Mmbuti ambaye watoto wake hucheza na wa kwetu. Yeye hakulima nasi, alitutazama siku nyingi akiwa amejiegemeza kwenye mti, halafu siku ya mvua kubwa akaja na mzigo wa majani kichwani na kuyapanga juu ya miti haraka, jani juu ya jani, akikunja kishina na kukining'iniza kwenye fito, mpaka hata tone halikupita. Sisi tungelipa mtu kwa kazi hiyo. Tulimpa lengalenga, dongodongo na chumvi. Yeye akatuletea uyoga. Sasa hayupo. Msimu wa asali umefika, wao wote wameingia msituni, na asubuhi upande wao wa kijiji ni kimya. Akirudi ataleta asali, na tunawakumbusha wamama wenye watoto wachanga: hata ikiwa nzuri namna gani, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiipate, hata kidole kimoja. Kuna vijidudu vinavyoweza kujificha ndani ya asali, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo.

Kona ya dawa na viungo iko karibu na mlango wa jiko, ili mtu asitembee na mwiko mkononi. Kuna mchaichai, kichaka kimoja kimekuwa vinne. Kuna lumbalumba, ambayo harufu yake mbu hawaipendi sana, ingawa wetu wanaonekana wameizoea. Kuna kongo bololo chungu, tangawizi, seleri, vitunguu vya majani. Tunasema neno moja hapa kwa sababu lilitutokea. Machi mtoto wa nyumba ya tatu alipata homa, akanyweshwa maji ya majani siku mbili, na siku ya tatu alianza kutetemeka. Kituo cha afya kilimpima kwa tone la damu: malaria. Alipewa dawa, akapona. Chai ya mchaichai inatuliza tumbo na inampa mgonjwa hamu ya kunywa. Malaria haiiponyi, na hakuna jani katika kona yetu linaloiponya. Homa ya mtoto inapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo, majani yanangoja.

Pilipili ina tuta lake peke yake, na ina habari yake. Juni 24, 2012, asubuhi, watu wenye silaha walishambulia Epulu. Watu waliuawa, nyumba ziliporwa, na okapi 14 wa kituo walikufa. Tangu siku ile hatujaona tena okapi katika zizi. Koko alikimbia kupitia nyuma ya nyumba, hapa hapa, akaingia msituni na wajukuu wawili. Alipofungua pindo la kitenge chake usiku alikuta franka chache na pilipili kavu sita alizokuwa amezifunga asubuhi kwa ajili ya mchuzi. Franka ziliisha. Pilipili mbili hakuzila, alizipanda waliporudi. Zinazoota leo ni wajukuu wa zile. Kila Juni 24 sisi sita hatushiki jembe. Tunakaa tu, tunapika pamoja, mtu anayetaka kusema anasema.

Wanyama wamekuwa wapole mwaka huu, tuseme hivyo kwa sauti ndogo. Tembo hawajafika huku chini. Nyani walikuja mara mbili kutoka upande wa mto, wakala mahindi machanga ya jirani, wakaacha mboga zetu, labda kwa dharau. Maadui wa kweli ni mbuzi wa mtaa na kuku wetu wenyewe. Ua wa fito na matawi ya miiba umesimama, na watoto wana zamu ya kulinda baada ya shule. Mlinzi analipwa muhindi mmoja wa kuchoma, na sasa kuna ugomvi wa nani awe mlinzi.

Mnatuuliza kama tunauza. Kidogo. Siku ya soko tunapeleka vifungu vya lengalenga na dongodongo, na fedha zinaingia kwenye kopo lenye kufuli. Ufunguo uko kwa mmoja, kopo liko kwa mwingine. Lakini tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila nyumba inakula kwanza, na hapo tumebishana mno. Nyanya tatu nyekundu sokoni zinanunua sabuni. Mama mwenye mtoto wa njano alisema sabuni aliyokuwa nayo Februari haikumsaidia. Hakuna aliyemjibu. Mei alimpeleka tena kupimwa: sentimita 12.7, kijani, kwa unywele mmoja. Hatudai kwamba ni bustani peke yake. Mtoto alipewa pia dawa ya minyoo, analala ndani ya chandarua, na mama yake anamsagia karanga kila siku na kumwekea dagaa wa kuponda. Lakini lengalenga iko kwenye sahani yake kila jioni na haijanunuliwa.

Tunaipika hivi: majani yanaoshwa maji matatu, yanachemshwa dakika chache tu, yasiwe meusi, mawese yanapashwa na kitunguu cha majani, nyanya ikiwepo, karanga za kusaga, kisha majani yanarudi. Mafuta yanausaidia mwili kupokea vitamini ya macho iliyo ndani ya majani, na nyanya mbichi au ndimu kidogo pembeni inausaidia kupokea madini ya chuma. Sombe ni jambo lingine. Hiyo itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kwa sababu mbichi ina sumu. Msichanganye haraka ya moja na nyingine.

Tulisema tutarudi kwa baba mwenye parsele. Juma la mwisho la Mei alikuja, akasimama kwenye ua, hakuingia. Alitazama matuta, alitazama kibanda cha nyanya, kisha macho yake yakasimama mwishoni, karibu na mto, mahali tulipopanda miavoka miwili na moringa mmoja. Akasema parsele ataihitaji baada ya mavuno. Kijana wake anataka kulima. Akaondoka.

Usiku huo hatukulala vizuri. Tulisema mengi ambayo hatuyaandiki. Mmoja alitaka tung'oe kila kitu. Mwingine alitaka twende kwa kapita tukashitaki, lakini kushitaki nini? Hatukuwa na karatasi. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini kijijini tunaishi kwa desturi, na desturi inajua baba wa nani alifyeka wapi. Ni koko aliyeona kitu ambacho sisi wadogo hatukukiona. Alisema: huyo hakukasirikia mboga, amekasirikia miti. Mboga ni mgeni, anakula na kuondoka. Mti unakaa miaka, na anayepanda mti anasema hapa ni kwangu. Tulipanda miavoka kwa watoto wetu bila kumwuliza, na yeye alisoma kama tangazo.

Kusema kweli tulikuwa na makosa. Asubuhi tulichimba miche ile mitatu kwa uangalifu, kila mmoja na bonge lake la udongo, tukaifunga kwa majani ya ndizi, tukaivusha barabara mpaka nyumbani kwake. Tulimwambia hii ni yako, tulikosea mahali, tuonyeshe tuipande wapi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatuonyesha kando ya kisima chake. Mke wake alitoka na maji.

Baada ya miti kusimama ndipo tulipozungumza juu ya karatasi. Alikubali miaka miwili, mboga na viungo tu, bila mti wala nyumba, na kifungu kimoja cha lengalenga kila Jumamosi. Kijana wake atapewa sehemu nyingine. Wawili kati yetu waume zao walisema wao ndio waweke sahihi. Hapo mwalimu wa shule, aliyekuwa anatuandikia, alitukumbusha kwamba sheria ya Julai 15, 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia, iliondoa lile sharti la zamani la mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano. Waume walikuwa hawajasikia. Na sisi pia tulikuwa hatujasikia, miaka yote hiyo. Mwishoni tuliweka sahihi sisi sita, koko kwa kidole gumba, na waume wawili wakaandikwa kama mashahidi, wakaridhika. Kapita aligonga muhuri. Nakala moja iko kwake, moja kwa baba mwenye parsele, moja ndani ya kopo la fedha.

Moringa haukupenda kuhamishwa, umeangusha majani yote. Miavoka inaendelea. Mke wa baba mwenye parsele amekuja mara mbili kuomba miche ya dongodongo, na Jumamosi iliyopita alikaa nasi kupalilia mpaka saa sita, ingawa jina lake haliko kwenye karatasi.

Kesho tunafunga nyanya upya, kwa sababu vijiti vimekuwa vifupi, na tunaandaa tuta la saba. Mtu yeyote anayekuja Epulu kabla ya Agosti atuletee mbegu za bilinganya, na chupa tupu zenye vifuniko za kuwekea mbegu, panya wamegundua mahali tulipoficha zile za kwanza. Tutamlipa kwa pilipili.